Desibeli za ukuta: ruta ipi inafaa nyumba ya mawe Bagamoyo?

Desibeli, kwa upande wa waifai, ni kipimo kinachoonyesha nguvu ya mawimbi imepungua au imeongezeka kwa mara ngapi. Ukuta ukila desibeli 3, nusu ya nguvu imeshapotea. Ukila 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Ukila 20, imebaki moja ya mia. Ukiielewa hesabu hii, muuzaji hatakuuzia ruta isiyokufaa, na nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zinaihitaji kuliko nyumba nyingi ninazozijua.

Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wa kuta zake mara nyingi hufika nusu mita au kuzidi. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi pana, vyumba vikawa virefu lakini vyembamba, kiasi cha mita tatu hivi kwa upana. Wenye nyumba wanapata ubaridi mzuri mchana wa jua kali. Mawimbi yanakutana na ukuta mnene kila baada ya hatua chache. Tuseme kila ukuta unakula desibeli 15: kuta mbili ni 30, yaani imebaki sehemu moja ya elfu, na kuta tatu ni 45, ambapo kinachobaki hakifiki hata moja ya elfu thelathini. Masika yakikolea hali huzidi, kwa sababu chokaa na matumbawe hunywa unyevu, na maji nayo hula mawimbi.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Kuna programu za bure za simu za Android zinazoonyesha nguvu ya waifai kwa namba zenye alama ya kutoa. Ukisimama karibu na ruta utaona kama -40. Kwenye -65 video bado inakwenda vizuri. Ikishuka kupita -80, hata ujumbe wa maandishi unasuasua. Zunguka chumba kwa chumba, mlango ukiwa umefungwa kisha ukiwa wazi, uandike namba. Utaona kwamba mlango wa mbao hupitisha mawimbi vizuri kuliko ukuta ulioushika, kwa hiyo ruta iliyowekwa ukumbini, ikitazamana na milango, hufanya kazi kuliko iliyofichwa kabatini.

Dukani utaambiwa habari za bendi mbili, yaani safu mbili za masafa ya mawimbi, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 ni ya kasi, lakini ukuta unaila zaidi, ya 2.4 hupenya vizuri zaidi ila ni ya polepole na majirani wote wamo humo. Nunua ruta yenye zote mbili. Utaambiwa pia kwamba yenye antena nyingi ndiyo inayopasua ukuta, na hapo ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili: ukimpa mmoja kipaza sauti, yule wa chumba cha nyuma atamsikia, lakini jibu lake bado ni la mdomo mtupu. Simu yako ndiyo huyo wa chumba cha nyuma.

Kwa kuta za namna hii dawa ni waya. Waya wa mtandao wa daraja la Cat 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na unene wa ukuta hauugusi. Upitishe juu ya milango au kwenye njia za waya za umeme wa zamani zisizotumika tena, kwani ukuta wa chokaa ukitobolewa kwa pupa humomonyoka. Mwisho wa waya weka kisanduku cha pili cha waifai. Ripita isiyo na waya inasaidia kidogo tu: ya bendi moja hupokea na kurusha kwa zamu hewani, na kasi hupungua karibu nusu. Ruta za meshi, yaani visanduku kadhaa vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja, ni nzuri, lakini nazo zikiongea zenyewe kwa zenyewe bila waya zinakutana na ukuta uleule. Chagua zenye tundu la waya kwenye kila kisanduku.

Kama unatumia ruta ya laini ya simu, kumbuka kwamba kuta hizo huzuia hata 4G kuingia ndani. Iweke ghorofani karibu na dirisha lenye mtandao mzuri, kisha vuta waya kutoka hapo kuelekea vyumba vya ndani. Visanduku vyote vipe jina moja la mtandao na neno la siri moja ili simu ihame yenyewe ukitembea. Kwenye bendi ya 2.4 vipangie chaneli (vijia ndani ya bendi) tofauti kati ya 1, 6 na 11, maana hizo tatu haziingiliani.