Kugombea Baraza la Gavana Massachusetts: saini 1,000, michango, na maswali ya kumuuliza jaji mtarajiwa

Ndugu zetu walioko Marekani wakiambiwa kwamba kuna baraza linalochaguliwa kwa kura za wananchi, na kwamba baraza hilo linaweza kumkatalia gavana jaji anayemtaka, wengi hudhani msemaji amechanganya mambo. Lakini lipo. Limewekwa na Katiba ya jimbo la Massachusetts ya mwaka 1780, linaitwa Baraza la Gavana, na mjumbe wake halazimiki kuwa mwanasheria. Kwa kuwa naulizwa namna ya kuingia humo, na maelezo yaliyopo kwa Kiswahili ni haba, naandika yote ninayoona mtia nia anapaswa kuyajua kabla ya kuchukua fomu.

Kwanza tuone tofauti na kwetu Tanzania, maana anayetoka Arusha au Moshi huenda na picha ya nyumbani kichwani. Majaji wa Mahakama Kuu wanaokaa kanda ya Arusha na kanda ya Moshi huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, kwa mujibu wa ibara ya 109 ya Katiba yetu. Tume yenyewe ina wajumbe sita: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji wa Rufani, Jaji Kiongozi na watu wawili wanaoteuliwa na Rais. Hakuna hata mmoja anayepigiwa kura na wananchi. Wakenya walisogea hatua moja mwaka 2010. Tume yao ina mawakili wawili, mwanamke na mwanamume, wenye uzoefu wa miaka 15 au zaidi, wanaochaguliwa na mawakili wenzao. Kule Massachusetts anayepiga kura ni mwananchi yeyote aliyejiandikisha, na anayepigiwa anaweza kuwa muuguzi, fundi umeme au dereva.

Baraza lina wajumbe wanane wa kuchaguliwa, pamoja na Naibu Gavana anayeingia kwa cheo chake. Muhula ni miaka miwili. Kila mjumbe anawakilisha eneo linaloundwa na majimbo matano ya uchaguzi ya Seneti ya Massachusetts, yaani watu wapatao 880,000 kwa hesabu ya sensa ya 2020. Hiyo ni karibu nusu ya mkoa mzima wa Kilimanjaro, na ni kubwa kuliko eneo la mbunge wa Massachusetts anayekwenda Washington. Mshahara ni dola 36,025 kwa mwaka. Mtu hafanyi kazi hii kwa ajili ya mshahara, na asiyeweza kupata nafasi siku ya Jumatano asiigombee, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya kikao cha Baraza.

Sifa za kugombea ni chache: uwe mpiga kura uliyejiandikisha na uwe umeishi Massachusetts miaka mitano mfululizo kabla ya kuchaguliwa. Neno "mpiga kura" lina uzito wake hapo. Anayepiga kura ni raia wa Marekani, na sheria yetu ya uraia haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Mkenya anaweza kubaki na pasipoti zote mbili, Mtanzania hawezi. Mwenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu) haruhusiwi kugombea wala kupiga kura, hata kama amekaa huko miaka ishirini na analipa kodi zote.

Sasa saini. Hapa ndipo watia nia wengi wapya wanapoanguka, kabla hata jina lao halijafika kwenye karatasi ya kura.

Mgombea ubunge wa Tanzania hutafuta wadhamini 25. Mgombea wa Baraza la Gavana anatakiwa kuwa na saini 1,000 zilizothibitishwa, na neno la kushika ni "zilizothibitishwa". Fomu hutolewa na idara ya uchaguzi iliyo chini ya Katibu wa jimbo, kwa kawaida kuanzia Februari ya mwaka wa uchaguzi. Ukishakusanya saini hupeleki fomu kwake moja kwa moja. Unazipeleka kwanza kwenye ofisi ya uchaguzi ya kila mji ambako waliosaini wamejiandikisha, na mwisho wa kufanya hivyo ni mwishoni mwa Aprili au mwanzoni kabisa mwa Mei. Karani wa mji analinganisha kila jina na daftari lake, anazirudisha, kisha unazikusanya upya na kuziwasilisha kwa Katibu wa jimbo kabla ya Jumanne ya mwisho ya Mei kupita. Massachusetts ina miji 351, mikubwa kwa midogo. Ukiokota saini kumi hapa na tano pale katika miji arobaini, umejiandalia safari arobaini za kupeleka na arobaini za kurudia. Chagua miji minne au mitano yenye watu wengi ndani ya eneo lako ukae hapo.

Kila karatasi iwe ya mji mmoja. Aliyejiandikisha Worcester akisaini kwenye karatasi ya mji jirani, saini yake imepotea. Yapo makosa mengine yanayoziua saini kwa wingi. Mtu anaandika anwani anayoishi leo, wakati daftari lina anwani ya nyumba aliyohama miaka mitatu iliyopita. Mke anamsainia mume kwa sababu yuko kazini. Mwandiko hausomeki. Mtu anasaini mara mbili kwa mgombea yuleyule, wiki mbili tofauti, kwa kusahau tu. Na la chama: ukigombea kupitia chama, anayekudhamini awe mwanachama wa chama hicho au awe hana chama. Jambo la kushukuru ni kwamba zaidi ya nusu ya wapiga kura wa Massachusetts hawana chama, hivyo wengi utakaowakuta nje ya duka wanaruhusiwa kukusainia. Muulize kila mtu maswali matatu kabla ya kumpa kalamu: umejiandikisha mji gani, kwa anwani ipi, na una chama?

Karatasi zenyewe nazo zina masharti. Unaruhusiwa kuzitoa kopi, lakini kopi iwe sawa kabisa na ile ya asili, pande zote mbili. Usibandike picha yako, usiandike kauli mbiu pembeni, usichore mshale wa "saini hapa". Alama yoyote ya ziada inaweza kuifanya karatasi nzima ikataliwe, na saini zote zilizomo zinakwenda nayo.

Ushauri wangu ni kukusanya saini 1,600. Kwa kupangia ratiba, hesabu saini 10 kwa saa kwa kila mkusanyaji. Hizo ni saa 160. Watu wanane wakifanya saa nne kila Jumamosi, mtamaliza kwa wiki tano. Kanisa moja na msikiti mmoja wenye Waswahili wengi vinaweza kukupa mia mbili za kuanzia, ila kumbuka kwamba katika mikusanyiko yetu wengi bado hawajawa raia. Saini ya asiye mpiga kura haimsaidii mtu, na inamweka mwenyewe pabaya. Baada ya kuwasilisha, wapinzani wana saa 72 za siku za kazi kuweka pingamizi. Mwenye saini 1,010 atalala macho siku hizo zote.

Ipo pia njia ya mgombea binafsi, ambaye haingii kura za maoni za Septemba bali anakwenda moja kwa moja Novemba. Kwetu njia hiyo bado imefungwa, ingawa Mahakama ya Afrika, hapahapa Arusha, iliamua mwaka 2013 katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Kwa Baraza la Gavana hata hivyo simshauri mtu mgeni aifuate. Nafasi hii iko chini ya nafasi kubwakubwa kwenye karatasi ya kura, wapiga kura wengi hawajui kazi yake, na wakifika hapo huchagua kwa kuangalia chama au huiacha wazi. Katika kura za maoni nako aliye madarakani ana faida: jina lake linatangulia, na pembeni yake pameandikwa kwamba anagombea kuteuliwa tena na chama chake. Wengine hufuata kwa herufi. Ukiona kiti ambacho mjumbe wake hagombei tena, hicho ndicho cha kukimbilia.

Kuhusu fedha naomba nisikilizwe vizuri, maana hapa mapenzi ya ndugu yanaweza kumharibia mgombea.

Sheria ya Marekani inamkataza mtu asiye raia na asiye na kadi ya kijani kuchangia uchaguzi wowote, wa taifa, wa jimbo au wa mji. Kwa hiyo shangazi wa Sakina Arusha, kaka wa Majengo Moshi na wanakikundi wa WhatsApp wa ukoo hawaruhusiwi kutuma hata shilingi moja. Mgombea naye haruhusiwi kuwaomba. Harambee tuliyoizoea kwa harusi na ada za shule, kwa jambo hili ni kosa. Ndugu wa nyumbani anayetaka kusaidia amwombee dua, na ampigie simu binamu aliye raia akamkumbushe kujiandikisha.

Anayeruhusiwa ana kikomo cha dola 1,000 kwa mwaka kwa mgombea mmoja. Fedha taslimu mwisho ni dola 50 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Kinachozidi kije kwa hundi au kadi yenye jina la mchangiaji mwenyewe. Kampuni na biashara hazichangii kabisa. Rafiki mwenye duka la vyakula vya Kiafrika alipe kutoka mfukoni mwake, asitumie akaunti ya duka. Mchango ukifika dola 200, andika kazi ya mchangiaji na mwajiri wake. Na kama wewe ni mtumishi wa umma, mfano muuguzi wa hospitali ya jimbo au mwalimu wa shule ya mji, unaruhusiwa kugombea lakini huruhusiwi wewe mwenyewe kuomba wala kupokea michango ya kisiasa. Unda kamati, mweke mhazini asiye mtumishi wa umma, na mkoba wote wa fedha ubaki kwake. Fungua akaunti ya kampeni kabla ya kupokea dola ya kwanza.

Kipo kikaratasi kimoja kinachosahaulika: risiti ya tamko la maslahi ya kifedha kutoka Tume ya Maadili ya jimbo. Inaambatanishwa na fomu unapowasilisha. Ijaze mapema, usingoje wiki ya mwisho.

Tuseme umeshinda. Unakwenda kufanya nini?

Gavana ndiye anayependekeza majina, na Baraza hujibu ndiyo au hapana. Wewe mjumbe huna nafasi ya kupendekeza jina. Katiba inataka zipite angalau siku saba kati ya pendekezo na uteuzi, na siku hizo ndizo kazi yako halisi. Jaji akishapita atakaa hadi miaka 70, hivyo anayeteuliwa akiwa na 45 utakuwa umewapa wananchi jaji wa robo karne. Kikao cha kumhoji ni cha wazi, na mashahidi wa kumuunga mkono na wa kumpinga husikilizwa. Baraza hupitisha pia wajumbe wa bodi ya parole (inayoamua mfungwa gani aachiwe kabla ya kifungo kwisha), pamoja na misamaha ya gavana. Aprili 2024 ndilo lililoidhinisha msamaha wa jumla wa Gavana Maura Healey kwa waliowahi kutiwa hatiani kwa kosa dogo la kukutwa na bangi.

Swali baya kuliko yote ni "utaamuaje kesi ya jambo fulani?" Jaji mtarajiwa hapaswi kuahidi hukumu, atakwepa, na dakika zako zitakwisha. Uliza yanayoweza kuhesabika na kuhakikiwa. Ameendesha kesi ngapi hadi hukumu, na ngapi kati ya hizo mbele ya baraza la wazee wa mahakama (jury, yaani raia wa kawaida wanaoamua kesi)? Alisimama upande wa mashtaka tu, au amewahi kumtetea maskini? Mawakili waliokuwa upande wa pili wanamsemaje? Wapigie simu hao wenyewe, maana barua za sifa alizoambatanisha zimeandikwa na rafiki zake. Mshtakiwa asiyejua Kiingereza akiletwa na mkalimani hayupo, atafanya nini asubuhi ile? Hilo la mwisho mjumbe anayetoka kwetu ana haki na ujuzi wa kuliuliza kila Jumatano, kwa sababu anajua tofauti ya Kiswahili cha Bujumbura, cha Bukavu na cha Moshi, na anajua mkalimani asiyeijua tofauti hiyo anaweza kupotosha ushahidi.

Uliza pia ukaribu wake na anayemteua. Mwanzoni mwa 2024 Gavana Healey alimpendekeza Gabrielle Wolohojian kwenda mahakama ya juu kabisa ya jimbo. Alikuwa jaji wa rufaa mwenye uzoefu wa miaka mingi, na pia aliwahi kuwa mwenza wa gavana. Jambo hilo lilisemwa hadharani, mashahidi wakasikilizwa, na Baraza likampitisha kwa kura 6 dhidi ya 1. Unaweza kukubaliana na wale sita au na yule mmoja. Ninachokitaka mimi ni ile kumbukumbu: kila kura ina jina la aliyeipiga, na mwananchi anaweza kuisoma.

Kwa hiyo ukipiga kura ya hapana, iandikie sababu za ukurasa mmoja zinazotaja mambo ya kwenye faili, na uisome kikaoni kabla ya kura kuhesabiwa. Anayekataliwa leo anaweza kupendekezwa tena kwa mahakama nyingine, na mjumbe atakayekuwa amekaa kwenye kiti chako siku hiyo atauhitaji ukurasa huo.