Bogonvilia haitaki huruma

Mwezi wa Juni mzee mmoja wa Bunju alinipigia simu, na kabla sijamaliza shikamoo yangu alishaanza. "Marahaba. Bibi shamba, hii miche yako imekuwa pori. Maua yako wapi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Bustani yake tuliipanda Machi, mvua za masika zikiwa zimeanza kunukia. Kiwanja kilikuwa kimetoka kufyekwa na udongo wake ni mchanga mtupu, kama ulivyo sehemu kubwa ya Dar. Ukimwaga ndoo ya maji, unazama kabla hujageuka. Kila shimo tuliliwekea madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri, tukapanda bogonvilia kando ya ukuta, asumini karibu na baraza, na mche wa mkrismasi pale uani penye nafasi. Juu tukatandaza majani makavu.

Masika yakafanya kazi yake. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote jijini, na mmea mchanga ukipata maji kiasi kile hauna haraka ya kuzaa. Unatanua mizizi, unarefusha matawi, unajaza majani. Mwenye nyumba anaona kijani kibichi anafurahi, halafu mwezi unaofuata anaanza kuulizia rangi. Hapo ndipo bustani nyingi huharibiwa, na huharibiwa na mapenzi.

Nilipofika Bunju nikakuta udongo wa ukutani umelowa chapachapa wakati mvua ilishakatika siku nyingi. Kijana wa pale alikuwa anafungulia mpira wa maji asubuhi na jioni. Na mzee, kwa nia njema kabisa, alikuwa amenyunyiza yurea mara mbili. Yurea ni mbolea ya naitrojeni, na naitrojeni ni chakula cha majani. Bogonvilia ukiipa maji na naitrojeni umeiambia iendelee kukua tu. Yenyewe asili yake ni Amerika ya Kusini. Jina imelipata kwa nahodha Mfaransa, Bougainville, ambaye msafara wake uliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767. Mizizi yake ikikaukiwa, ndipo inapochanua. Nikamwomba mzee jambo ambalo wateja wangu wengi hulipokea kwa shida: afunge maji, asiweke mbolea, asubiri hadi aone majani yanaanza kulegea mchana, ndipo aipe maji mengi mara moja, kisha aiache tena.

"Si itakufa, mwanangu?"

Haikufa. Kipupwe kikaingia, upepo wa kusi ukakausha ardhi, na Agosti ukuta wote ukawa zambarau. Alinikaribisha kuona, akachuma shada moja akanipa. Nikamwonyesha kitu ninachopenda kumwonyesha kila mtu. Yale mapana yenye rangi, membamba kama karatasi, si maua. Ni majani yaliyogeuka rangi ili wadudu wayaone toka mbali. Yako matatu, na kila moja limebeba kijibomba chembamba chenye mdomo mweupe, mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hilo ndilo ua. Mzee akavaa miwani, akalisogeza karibu na jicho, akakaa kimya muda mrefu.

Asumini ni habari nyingine. Yenyewe ukiinyima maji inanuna. Shida yetu ilikuwa kisima. Maji ya visima vingi upande wa pwani yana chumvi, na kingo za majani zilianza kuwa kahawia kama zimebabuliwa na moto. Tukahamia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki, na majani mapya yakatoka safi. Matumba yake huvimba alasiri na kufunguka giza likiingia, kwa sababu inawaita nondo, na nondo hufuata harufu. Ndiyo maana wanaofunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, huzichuma jua likielekea kuzama, zikiwa bado zimefumba.

Mkrismasi wa uani haukutoa kitu, wala sikuutegemea. Ulikuwa unanifika kiunoni. Mti ule, uliotoka Madagaska, unahitaji miaka. Wa jirani ulichanua Novemba, mwekundu juu ya ukuta, na mzee akawa anautazama kwa wivu.

Vuli ilipoanza, baada ya mvua mbili tatu kubwa, akanipigia tena. Safari hii alinong'ona kama anayeogopa kukishtua kitu. Kwenye kona ambayo hatukupanda chochote, ardhi ilikuwa imepasuka na kutoa shina moja nene lenye mpira mwekundu juu yake, wa nyuzi nyembamba mamia, bila jani hata moja. Naujua mmea huo; ni wa mwitu, wa vichaka vyetu hivi hivi. Tunguu lake hulala chini kiangazi chote likingoja maji, na lina sumu, kwa hiyo nikamwambia awaonye wajukuu. Lilikuwepo pale kabla ya nyumba, kabla ya ukuta, na panga la wafyekaji lilipita juu yake.

Nilipofika jioni nilikuta amelizungushia mawe ya matumbawe, na mfyeka nyasi ameshaagizwa asikanyage kona ile.