Kwa nini watoto wanaolala mtaani Mwanza huhesabiwa usiku wa manane?

Ukipita Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, saa nne asubuhi utakuta watoto wengi: wanabeba ndoo, wanaokota dagaa waliomwagika, wanauza mifuko. Wengi wao jioni hurudi kwao. Ukiwahesabu muda huo utapata idadi kubwa, lakini haitakuambia nani hana pa kulala. Ndiyo maana mashirika, kata na maofisa ustawi wa jamii wanapoungana kushughulikia jambo hili, ni vizuri wahesabu kati ya saa tano na saa nane usiku. Mwenye kwao ameshakwenda. Aliyebaki amejikunja barazani mwa duka, chini ya meza ya soko au kando ya malori.

Usiku wenyewe nao huchaguliwa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa kwa taa, gizani; mwezi ukipevuka uvuvi husimama, kazi mwaloni hupungua na watoto hutafuta riziki kwingine. Ukihesabu mbalamwezi mwaka huu na giza mwaka ujao, tofauti utakayoipata inaweza kuwa ya mwezi tu. Vilevile usihesabu wiki ambayo mgambo wamefanya msako. Watoto hutawanyika, idadi hushuka, na taarifa husomeka kana kwamba kuna mafanikio.

Timu zote huingia kazini usiku mmoja, saa zilezile, kila moja na eneo lake lililochorwa kwenye ramani. Watu watatu au wanne wanatosha, awemo mwanamke, na awemo mtu ambaye watoto wanamfahamu. Mwenyekiti wa mtaa, polisi na walinzi wa maduka hujulishwa mapema, lakini askari haongozani na timu kwa sababu sare huwakimbiza watoto. Aliyelala haamshwi, huandikwa jinsia yake na umri wa kukadiria. Picha hazipigwi. Mkate nao usigawiwe usiku huo, hata kama moyo unauma: ukianza kugawa, watoto watakufuata kutoka eneo moja hadi lingine na utawahesabu mara mbili.

Hata hesabu iliyofanywa vizuri huwakosa wasichana. Msichana hulala barazani mara chache sana. Yuko ndani ya baa, gesti, au nyumba aliyochukuliwa kufanya kazi bila mshahara. Taarifa ikionyesha karibu wavulana watupu, isichukuliwe kwamba wasichana wako salama.

Kisha kuna mpaka ambao mtoto hauoni. Jiji la Mwanza linahudumia Nyamagana, na Ilemela ina manispaa yake. Mtoto anaweza kulala Kirumba, upande wa Ilemela, na kushinda katikati ya mji, upande wa Nyamagana. Kila halmashauri ikiwa na daftari lake, ama ataandikwa mara mbili, ama kila upande utadhani anahudumiwa na mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa kila mamlaka ya serikali za mitaa, yaani halmashauri, jukumu la ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Kazi ya kwanza ya muungano ni kuzikutanisha halmashauri hizo mbili mbele ya orodha moja.

Orodha hiyo ni ya majina, na ndiyo moyo wa kazi yote. Kila mtoto huandikwa jina la nyumbani na la mtaani, umri, wilaya aliyotoka, jina la mama, mahali anapolala na nani anamfuatilia. Inafungwa kwa nywila na haisambazwi kwenye makundi ya WhatsApp. Kila mwezi wahusika hukaa na kuuliza: nani mpya, nani ametoka, nani amerudi?

Tuseme mwezi ulianza na watoto 60. Mkawarudisha nyumbani 12, wakaingia wapya 9, na 5 kati ya waliorudishwa zamani wakaonekana tena stendi. Mwezi unaisha na 62. Aliyehesabu vichwa atasema hakuna kilichofanyika. Mwenye majina ataona matatizo mawili tofauti: mlango wa kuingilia uko wazi, na urejeshaji nyumbani haushiki. Mji wa Rockford, Illinois, nchini Marekani ulitumia orodha ya namna hii kwa watu wazima wasio na makazi. Kule jibu lilikuwa kupata nyumba za kupanga; kwa mtoto wa Mwanza jibu kwa kawaida ni ndugu.

Urejeshaji hushindwa zaidi pale mtoto anapopandishwa basi tu na kukatiwa tiketi. Kilichomkimbiza, iwe kipigo, njaa au baba wa kambo asiyemtaka, bado kinamsubiri. Kwanza ofisa ustawi wa wilaya anakotoka apigiwe simu, aende nyumbani, azungumze na familia na majirani. Mzazi akishindikana, tafuteni bibi, shangazi au mjomba. Hao wakikosekana, kuna walezi wa kuaminika wanaotambuliwa na ustawi wa jamii. Makao ya watoto yawe ya mwisho. Kisha ufuatiliaji: wiki ya kwanza, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita. Nauli ya ufuatiliaji itengwe kabla ya nauli ya kumpeleka, maana ndiyo inayosahaulika kwenye bajeti.

Aliyetimiza miaka 18 ni kazi nyingine. Anahitaji kitambulisho cha taifa cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, na kodi ya miezi kadhaa ambayo wenye nyumba wengi huitaka kwa mpigo. Bila kitambulisho hawezi hata kuingia kwenye kikundi cha kuomba mkopo kutoka asilimia 4 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huitenga kwa vijana.

Lakini sehemu inayolipa zaidi ni stendi, Nyegezi na Nyamhongolo, pamoja na gati za vivuko. Mtoto aliyeshuka leo bado ana namba ya simu ya nyumbani kichwani na hajapata kundi. Wapiga debe, mama ntilie na wakatisha tiketi ndio humwona kwanza, kwa hiyo wawemo kwenye muungano. Ukimkuta mtoto wa namna hiyo, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Taja mlipo, umri wake na alikotoka, kisha kaa naye mahali penye mwanga na watu hadi ofisa ustawi au dawati la jinsia na watoto la polisi lifike.