Je, wajua kwa nini waimbaji wa Wassoulou huitwa ndege?

Nchini Mali, kuimba mbele za watu ni kazi ya ukoo tangu enzi. Akina Kouyaté na Diabaté huzaliwa wakiwa majeli: wanajua nasaba za watu, wanawasifu wakubwa arusini, na wakubwa huwatuza. Wa ukoo mwingine akiingilia, wazee hukunja uso. Muulize Salif Keita, mwana wa ukoo wa kifalme, alivyosemwa kwao kwa kutaka kuimba.

Sasa Oumou Sangaré, mwimbaji mashuhuri wa Mali ambaye si jeli, alipitia wapi?

Alipitia Wassoulou, kusini mwa Mali, kwao mama yake. Huko mwimbaji huitwa kono, yaani ndege kwa Kibambara. Ndege harithi kazi wala hana bwana wa kumsifu. Anaimba kwa kuwa sauti anayo. Hata ala yao kuu ina ukaidi ndani yake. Wawindaji walikuwa na donso ngoni, kinubi cha kibuyu chenye heshima za miiko. Vijana wakatengeneza chao cha kuchezea ngoma, wakakiita kamale ngoni, ngoni ya vijana. Wazee hawakufurahi.

Oumou alizaliwa Bamako mwaka 1968. Baba alioa mke mwingine, kisha akahamia Côte d'Ivoire na kumwachia mama watoto. Mama aliimba kwenye arusi na sherehe za kuwapa watoto majina. Binti akaacha shule, akawa anauza maji ya mifuko barabarani na kumfuata mama kuimba. Alikuwa bado mtoto wa chekechea alipoimba katika uwanja wa michezo wa Bamako, mbele ya maelfu ya watu. Mwaka 1986 akazunguka Ulaya na kundi la Djoliba Percussions.

Mwaka 1989, akiwa na miaka 21, alirekodi Abidjan albamu ya Moussolou, maana yake "wanawake". Ziliuzwa kanda zaidi ya 200,000, bila kuhesabu zile za wizi. Aliimba mapenzi waziwazi, akaupinga uke wenza na ndoa za kulazimishwa. Hapo ndipo undege ulipomfaa: jeli anayetuzwa na mume wa wake wanne angeanzaje kumsema? Oumou alikuwa anasema yaliyomkuta mama yake.

Baadaye Ali Farka Touré, mpiga gitaa wa Mali, alimfikisha kwa kampuni ya muziki ya World Circuit ya London, na mwaka 2011 akapata Grammy kwa wimbo alioshirikiana na mpiga piano wa Marekani Herbie Hancock na wengine.

Mtazame jukwaani anaporusha fle, kibuyu kilichofungwa nyuzi za kauri, yale makombe madogo ya baharini. Kauri zilikuwa fedha Afrika Magharibi, na katika karne ya 19 shehena kubwa zilipelekwa huko kwa meli kutoka Zanzibar. Kila akikitikisa, mlio unaosikia ni wa pwani.