Algoriti za kupanga matokeo ya utafutaji na jinsi zilivyobadilika

Algoriti ya kupanga matokeo ni utaratibu ambao injini ya utafutaji, iwe Google au Bing, huutumia kuamua ukurasa upi utangulie na upi ufuate pale mtu anapoandika anachokitafuta. Kurasa zenye maneno yake zinaweza kuwa maelfu kwa maelfu, naye atafungua mbili tatu za juu tu. Mpangilio ndio kila kitu, na hapo ndipo wafanyabiashara wengi wa Dar es Salaam wanapouziwa mbuzi kwenye gunia: wanalipia mbinu ambazo algoriti iliacha kuziheshimu zaidi ya miaka 10 iliyopita.

Katikati ya miaka ya 1990, enzi za AltaVista, injini ya utafutaji iliyotamba kabla ya Google, injini ilitegemea zaidi ukurasa wenyewe unasema nini. Ukitafuta "saruji", iliangalia neno hilo limetajwa mara ngapi na limekaa wapi, kwenye kichwa au chini kabisa. Yaani ukurasa ulijisifu na ukaaminiwa. Haikuchukua muda watu wakaujua mchezo: neno moja linarudiwa mara mia, tena kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, msomaji asilione ila mashine ilisome.

Mageuzi makubwa yalitoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa wanafunzi wawili, Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha kampuni ya Google mwaka 1998. Hesabu yao, PageRank, iliangalia nani mwingine anamwelekeza msomaji kwenye ukurasa huo kwa linki, yaani kiungo cha kubofya. Linki ikawa kama mdhamini wa mkopo, na wadhamini hawalingani. Anayeaminiwa na wengi ana uzito kuliko asiyejulikana, na anayemdhamini kila mtu mtaani, dhamana yake inakonda. Ukurasa wenye linki 2 huipa kila moja nusu ya uzito unaougawa. Wenye linki 100 huipa kila moja sehemu moja ya mia. Kwa kuwa uzito wa kila ukurasa unategemea uzito wa kurasa nyingine, hesabu hurudiwa tena na tena mpaka namba zitulie. Mpaka leo naiona kuwa moja ya hesabu nzuri kuliko zote zilizowahi kuingia kwenye kompyuta, kwa sababu hukumu iliondoka kwa mwenye ukurasa ikaenda kwa watu wengine.

Tatizo ni kwamba dhamana inanunulika. Yakaota mashamba ya linki, tovuti zilizojengwa kwa kazi ya kuelekezana tu, na kando yake tovuti zilizomwaga makala elfu elfu zisizo na cha kumsaidia mtu. Google ilijibu kwa mabadiliko mawili yaliyowaumiza wengi. Panda, Februari 2011, ilishusha tovuti za maandishi dhaifu. Penguin, Aprili 2012, iliwageukia waliotengeneza linki za hila. Ndiyo maana inaniuma nikisikia mtu mwenye duka Kariakoo amelipia kifurushi cha linki za mkupuo. Hela yake imenunua kitu ambacho algoriti imefundishwa kukipuuza, na kikizidi kinaweza kumletea adhabu.

Baada ya hapo swali likahamia kwa anayetafuta: anamaanisha nini hasa? Hummingbird, badiliko jingine la Google la mwaka 2013, ilianza kuisoma sentensi nzima badala ya kuokota neno mojamoja. RankBrain, iliyotangazwa 2015, ikaongeza mashine inayojifunza yenyewe kukisia maana ya maswali mapya. Kisha Oktoba 2019 ikaja BERT, mfumo unaosoma neno kwa kuangalia maneno yaliyo kando yake, kwanza kwa Kiingereza, na Desemba mwaka huohuo ikapelekwa kwenye lugha zaidi ya 70. Chukua "basi kutoka Dar kwenda Mwanza" na "basi kutoka Mwanza kwenda Dar". Maneno ni yaleyale matano, lakini abiria ni wawili tofauti kabisa. Injini inayohesabu maneno tu inaweza kuwapa wote wawili majibu yaleyale. Inayosoma neno pamoja na majirani zake ina nafasi ya kujua nani anaondoka wapi.

Simu nayo ilileta yake. Tangu Aprili 2015, Google huupa nafasi bora kwenye matokeo ya simu ukurasa unaosomeka vizuri kwenye kioo kidogo. Na ukiandika "fundi friji" ukiwa Sinza, mara nyingi kitakachotangulia ni ramani yenye mafundi wachache. Google hueleza kwamba hapo inapima mambo matatu: biashara inaendana vipi na ulichotafuta, iko umbali gani, na inafahamika kiasi gani, maoni ya wateja yakiwemo. Fundi asiye na tovuti kabisa anaweza kumpita mwenye tovuti ya kifahari aliyeko mbali, Mbagala, mradi tu amesajili eneo lake kwenye Google na namba yake ya simu inapatikana.

Tangu Mei 2024, kuanzia Marekani, Google imeanza kuweka juu ya matokeo jibu lililoandikwa na akili mnemba, likiambatana na linki za kurasa zilikotoka taarifa. Kwa swali jepesi, mtu anasoma na kuondoka bila kufungua chochote, na waandishi wa tovuti wana haki ya kulalamika. Ila mtu anayetaka friji lake litengenezwe leo jioni bado atahitaji namba ya fundi, kwa hiyo kwa biashara za mtaani mabadiliko haya yanagusa kidogo kuliko yanavyogusa magazeti na blogu.