Nafasi ya kalipa: kwa nini inchi za rimu hazitoshi kwenye gari lenye breki kubwa

Nafasi ya kalipa ni uwazi unaobaki kati ya kalipa ya breki, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski ili gurudumu lisimame, na upande wa ndani wa rimu. Kwa breki za kawaida uwazi huo ni mkubwa kiasi kwamba hakuna anayeufikiria. Funga diski kubwa, au nunua gari lililotoka nazo kiwandani, na mambo yanakuwa ya kuhesabu milimita.

Chukua Subaru Impreza, katika matoleo yake mawili ya WRX na STI. WRX ya 2002 ilikuwa na diski za mbele za milimita 294 na rimu za inchi 16. STI iliyouzwa Marekani mwaka 2004 ilikuja na breki za Brembo, diski za mbele za milimita 326, na rimu za inchi 17. Inchi 16 ni milimita 406. Toa 326, gawanya kwa mbili, unabaki na milimita 40 kuzunguka diski. Humo inatakiwa ienee sehemu ya kalipa inayopita juu ya diski, unene wa rimu yenyewe, na lile bonde la katikati ambalo fundi hulitumia kuvisha tairi. Haienei, ndiyo maana rimu ya zamani ya WRX haipandi kwenye STI. Inchi 17 inaongeza karibu milimita 13 kila upande.

Basi mtu anatafuta rimu za mtumba za inchi 17, anafunga, na gurudumu linagoma kuzunguka. Inchi amepatia. Kilichogusa ni spoki, kwa sababu kalipa kubwa hujitokeza pia kuelekea nje ya gari.

Hapo ndipo ofseti inapoingia. Ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati wa upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambako rimu hufungwa. Huandikwa kwenye rimu kwa herufi ET. Ya STI ile ni ET53. Kwa rimu za muundo mmoja na upana mmoja, ET ikipanda gurudumu linaingia ndani zaidi na spoki zinasogelea kalipa. Ikishuka, spoki zinatoka, lakini tairi nalo linatoka na linaweza kukwaruza madigadi. Na hata ET haimalizi maneno: rimu mbili zenye vipimo sawa kabisa zinaweza kutofautiana kwa mkunjo wa spoki tu, moja ikapita na nyingine ikagusa. Muuzaji anayekwambia "hii ni 17, itakaa" hajakujibu kitu.

Kwa hiyo ijaribu rimu tupu, kabla hujalipia kuvisha matairi. Watengenezaji wengi wa breki kubwa hutoa mchoro wa kalipa kwa ukubwa wake halisi. Unauchapa, unaukata kwenye kadibodi na kuuingiza ndani ya rimu. Kama breki ziko tayari kwenye gari, bandika udongo wa kuchezea watoto juu ya kalipa na kwenye uso wake wa nje, funga rimu kwa nati zote, izungushe taratibu kwa mkono, kisha ifungue upime udongo uliobaki. Watu wengi wa kazi hii hawapendi kushuka chini ya milimita 3. Kumbuka pia vile vipande vya uzito vya balansi vinavyobandikwa ndani ya rimu: navyo vinakula nafasi.

Jaribio hilo lifanywe na pedi mpya. Kalipa inayoteleza, ile yenye pistoni upande mmoja tu, hujisogeza kuelekea ndani kadiri pedi zinavyokwisha. Rimu inayopita kwa nafasi finyu leo pedi zikiwa nyembamba inaweza kuanza kukwaruza siku unapobadilisha. Kalipa za Brembo za STI zimefungwa hazitelezi, kwa hiyo hazina tatizo hili.

Spesa, kile kisahani kinachowekwa kati ya habu na rimu, hutatua suala la spoki tu. Ya milimita 5 inaigeuza ET53 kuwa kama ET48, ila kwa kipenyo kilichobana haisaidii chochote. Tena inakula uzi wa stadi, ile bolti ya habu inayoshikwa na nati: stadi ya milimita 12 inatakiwa ishikwe na nati kwa angalau milimita 12, na kwa uzi wa milimita 1.25 kwa mzunguko hiyo ni karibu mizunguko 10. Ukihesabu 6, tafuta stadi ndefu au achana na rimu hizo.

Mpangilio wa matundu nao uangalie mapema. STI ya 2004 ni 5x100, yaani matundu matano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, lakini ya 2005 kwa soko hilohilo la Marekani ni 5x114.3, ingawa kwa macho magari hayo ni ndugu.

Lipo pia tairi la akiba, ambalo wengi hulisahau mpaka pancha itokee usiku. Kama ni dogo na halipiti kwenye breki za mbele, na pancha ni ya mbele, hamishia mbele gurudumu zima la nyuma, kisha la akiba ulifunge nyuma, mradi breki za huko ni ndogo. Lijaribu siku ileile unayofunga rimu mpya, gari likiwa bado juu ya jeki.