Kebo mbili si njia mbili: dhana potofu kuhusu njia za akiba kwenye seva

Seva karibu zote siku hizi hutoka kiwandani na poti mbili au zaidi za mtandao. Kwenye Linux, kuzifunga poti hizo zionekane kama moja, yaani kutengeneza bondi, ni suala la mistari michache. Kinachowashinda wengi ni swali jingine: seva itajuaje kwamba njia imekufa? Likikosewa hilo, kebo ya pili ni pambo tu.

"Nimechomeka kebo mbili. Moja ikikatika, nyingine itashika."

Itashika endapo kuna anayekagua. Dereva ya bondi ina kigezo kiitwacho miimon, kinachopanga kila baada ya milisekunde ngapi poti zikaguliwe kama bado ziko hewani. Kwenye hali ya active-backup (poti moja inafanya kazi, nyingine inasubiri) thamani yake ya kuanzia ni 0, maana yake hakuna ukaguzi. Bondi ya active-backup iliyoachwa hivyo itaendelea kumwaga pakiti kwenye poti iliyochomolewa, huku ya pili ikiwa nzima na haina kazi. Kati ya programu za kupanga mtandao, NetworkManager hujaza 100 yenyewe. Netplan haijazi, kwa hiyo andika (huko miimon inaitwa mii-monitor-interval):

```
bonds:
  bond0:
    interfaces: [eno1, ens2f0]
    parameters:
      mode: active-backup
      mii-monitor-interval: 100
      primary: eno1
      primary-reselect-policy: failure
```

Angalia majina ya poti hapo. eno1 iko kwenye ubao mama, ens2f0 iko kwenye kadi ya nafasi ya pili. Ukifunga ens2f0 na ens2f1, ambazo ni poti mbili za kadi moja, kadi ikiungua zinaondoka zote. Vivyo hivyo kebo mbili zinazoingia swichi moja, au swichi mbili zinazokula umeme wa UPS moja.

"Taa ni ya kijani, basi njia ni nzima."

Hii ndiyo inayoangusha mifumo mingi, maana inaonekana kuwa na mantiki. Taa ya kijani, na miimon pamoja nayo, inathibitisha kipande kimoja tu: kutoka kadi ya seva hadi poti ya swichi. Swichi hiyo ikipoteza kebo yake ya kupanda juu kuelekea ruta, taa ya seva haizimiki. Bondi haioni tatizo lolote, pakiti zinaingia kwenye swichi na kupotelea humo.

Dawa kwa active-backup ni kuachana na miimon na kutumia arp_interval: seva inauliza kwa ARP (ujumbe wa kuuliza nani ana anwani fulani kwenye mtandao wa ndani) anwani ulizozitaja kwenye arp_ip_target, na jibu lisiporudi, njia inahesabiwa imekufa. Unaweza kutaja hadi anwani 16. Taja angalau mbili. Ukitaja lango (yaani ruta) peke yake, siku ruta inapowashwa upya bondi itadhani njia zote zimekufa na kuanza kurukaruka kati ya poti. Weka pia arp_validate=all, la sivyo ARP yoyote inayopita mtandaoni, hata ya mashine nyingine, inaweza kuhesabiwa kuwa dalili ya uhai. Mbinu hii haifanyi kazi kwenye hali nyingine za bondi zinazotumia poti zote kwa pamoja: 802.3ad, balance-tlb wala balance-alb. Huko kazi inahamia kwenye swichi: iamriwe kuzima poti za seva pindi kebo ya juu inapokufa, ili miimon ipate cha kuona.

"Poti mbili za gigabiti 10 ni gigabiti 20."

Kwa jumla, pengine. Kwa mazungumzo mamoja, hapana. Bondi ya 802.3ad, inayoongea na swichi kwa LACP (itifaki ya kukubaliana kufunga poti pamoja), hupeleka kila mkondo wa data kwenye poti moja ili pakiti zisifike bila mpangilio. Kunakili faili moja kubwa hakutazidi 10. Tena mgawanyo wa kuanzia, layer2, huangalia anwani za MAC (namba za utambulisho za kadi za mtandao): kama data zako zote zinapitia ruta moja, MAC ya upande wa pili ni ileile, na mzigo wote unalundikana poti moja. Badili kigezo cha mgawanyo, xmit_hash_policy, kiwe layer2+3 au layer3+4. Na kwa kuwa lengo ni akiba, mzigo wa kilele usivuke 10. Ukizoea kupitisha 14, siku poti moja ikifa iliyobaki haitabeba.

"LACP itafanya kazi kwenye swichi zozote mbili."

Swichi hizo lazima zijionyeshe kama kifaa kimoja, ama kwa kuunganishwa kuwa rundo moja, ama kwa MLAG, mbinu ya swichi mbili kujifanya moja mbele ya LACP (Cisco huiita vPC). Zisipofanya hivyo bondi itachagua upande mmoja na kuuacha wa pili ukiwa bure, bila kulalamika. Fungua /proc/net/bonding/bond0: Aggregator ID (namba ya kundi la poti) zikitofautiana kati ya poti, ndicho kilichotokea. Partner Mac Address (MAC ya swichi) ikiwa sifuri tupu, swichi haiongei LACP kabisa. Kama huna MLAG, active-backup haihitaji chochote kwenye swichi, na kwa seva nyingi inatosha.

Jambo dogo hapa: lacp_rate huanza ikiwa slow, ujumbe kila sekunde 30 na subira ya sekunde 90. Kama katikati kuna kibadilisha faiba kinachoacha taa ikiwaka hata upande wa pili ukifa, hizo sekunde 90 ni za giza. Weka fast, subira ishuke hadi sekunde 3.

"Njia kuu ikirudi, kila kitu kinarudi salama."

Swichi iliyowashwa upya huwasha taa mapema, lakini spanning tree ya kawaida (itifaki ya swichi ya kuzuia data zisizunguke bila mwisho) huzuia poti kwa sekunde 30 zaidi. Bondi inayokimbilia kurudi kwenye njia kuu inajiletea katizo la pili. Ndiyo sababu ya primary-reselect-policy: failure hapo juu, yaani baki ulipo mpaka ulipo pafe. Kwenye swichi, poti za seva ziwekwe kuwa za pembeni (portfast).

"Nina watoa huduma wawili wa intaneti, metric 100 na 200."

Metric ni namba ya kipaumbele cha njia tu, ndogo hutangulia; haipimi uhai. Mtoa huduma wa kwanza akikatika mbele ya ruta yako, njia ya metric 100 inabaki ileile. Unahitaji programu inayopiga ping mbali kupitia kila njia na kuiondoa iliyokufa, au BGP, itifaki ya mitandao kupashana habari za njia.

Halafu uliza kuhusu mikongo, yaani kebo za intaneti za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja karibu na Afrika Kusini, wakati SEACOM ilikuwa tayari imekatika Bahari ya Shamu tangu Februari. Intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na Uganda. Majina mawili tofauti kwenye ankara hayakuambii data zinapita bahari ipi.

"Nimeijaribu kwa ip link set eno1 down."

Umejaribu amri, hujajaribu hitilafu. Kutoka mashine nyingine endesha ping -i 0.2 kuelekea seva, kisha chomoa kebo, rudisha, zima poti upande wa swichi, zima swichi nzima, mwisho chomoa kebo yake ya juu. Kila mara hesabu pakiti zilizopotea, wakati wa kwenda na wa kurudi pia. Baada ya hapo weka kengele: node_exporter ya Prometheus (mfumo wa kufuatilia seva) hutoa node_bonding_active (poti zilizo hai) na node_bonding_slaves (poti zote za bondi). Ya kwanza ikipungua kuliko ya pili, poti mojawapo imekufa na bado hakuna mtumiaji aliyepiga simu.